Difu ipi ufunge nyuma ya Land Rover 109 ya jeshi? Ulinganisho kwa wenye magari wa Mwanza na kando ya ziwa

Land Rover 109 iliyonunuliwa kwenye mnada baada ya kustaafu jeshini huwa na bodi ya alumini isiyojua kutu, chasisi inayohitaji kuchomelewa hapa na pale, na difu ya nyuma (sanduku la gia katikati ya ekseli, linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) ambayo mwenye gari huanza kuilalamikia akishabadilisha injini. Injini ya asili, dizeli ya lita 2.25, ilikuwa na nguvu za kistaarabu, na difu ya asili, iitwayo Rover, ilitengenezwa iishi nayo. Ukiweka 1HZ ya Toyota, lita 4.2, unapeleka kwenye hafushafti zile zile (vyuma virefu vinavyotoka difu kwenda kila gurudumu) msokoto unaokaribia mara mbili. Hafushafti hiyo ina meno kumi tu upande unaoingia kwenye difu. Pakia magunia ya dagaa pale Kirumba Mwaloni, soko la ufukweni, nasa kwenye mchanga, kanyaga mafuta kwa hasira: utasikia mlio mmoja mkavu, kisha injini itanguruma na gari halitakwenda popote.

Hapo ndipo mtu anapokuja gereji kutafuta "difu ngumu", na mazungumzo karibu kila mara huwa haya:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Hii difu ya nyuma imenichosha. Nitafutie ngumu."

"Sawa, mzee. Ya mbele ni ipi?"

"Ya mbele ina shida gani? Mimi nimekwambia ya nyuma."

Kijana wa gereji ameuliza swali lenyewe hasa. Difu ya nyuma huchaguliwa kwa kutazama ya mbele, na wengi waliopoteza pesa zao kwenye kazi hii waliruka hatua hiyo.

Kwanza, ingia uvunguni

Kabla ya kutoa hata shilingi, lala chini uangalie ulichonacho. 109 za Series III (kizazi cha Land Rover kilichotangulia Defender), zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, nyingi zilitoka kiwandani zikiwa tayari na difu nzito ya Salisbury nyuma, zikiwemo za jeshi la Uingereza. Huenda unatafuta kitu ambacho unacho. Huenda pia kiling'olewa kabla gari halijafika mnadani, likarudishiwa difu ya Rover ili liweze kusukumwa.

Kuzitofautisha ni rahisi. Salisbury ina mfuniko nyuma, umeshikwa na bolti kumi, na tumbo lake ni kubwa, la chuma cha kumimina. Rover ina mgongo laini usiofunguka. Kichwa cha difu (gia zake za ndani kwa pamoja) hutolewa kwa mbele, upande wa propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu, kwa kufungua nati kumi. Ya Land Cruiser nayo hutolewa kwa mbele, kwa hiyo usiichanganye na Rover kwa kuangalia mgongo peke yake. Hesabu nati za tairi: Land Rover zina tano, Land Cruiser za kabla ya 1999 zina sita.

Kwa nini ya mbele ndiyo inayoamua

Land Rover za Series hazina difu ya katikati. Ukibonyeza kile kitufe cha njano, au ukivuta mkono mwekundu wa gia ya chini, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kuzunguka sawasawa. Uwiano wa difu za asili ni 4.7 mbele na 4.7 nyuma, yaani propela inazunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka nyuma difu ya 3.54 na mbele ukaacha 4.7, magurudumu ya nyuma yatataka kwenda kasi kuliko ya mbele kwa karibu theluthi. Kwenye tope zito yatateleza na utadhani mambo ni shwari. Kwenye ardhi ngumu kitu lazima kivunjike: krosi (kiungo cha propela), transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma), au hafushafti ya mbele.

Kwa hiyo kuna njia mbili tu za haki. Uchague difu ya nyuma inayolingana na ya mbele, au ubadilishe zote mbili. Njia ya tatu ni kutoa propela ya mbele na kuishi na magurudumu mawili ya kusukuma. Kwa gari la mjini, la kupeleka saruji Buzuruga na kurudi, hilo halina neno. Ila usiseme bado una gari la porini.

Kubaki na Rover

Watu huidharau hii haraka mno. Kama injini yako bado ni ya asili, au umeweka dizeli ndogo ya Kijapani isiyo na turbo, Rover yenye krauni na pinioni nzima (gia kubwa na ndogo za ndani ya difu), beringi mpya na hafushafti imara inaweza kukutunza miaka mingi. Uzuri wake mkubwa ni matengenezo: unafungua bolti sita kila upande, unavuta hafushafti, unachomoa kichwa kizima na kufunga kingine mchana huo huo chini ya mwembe. Hakuna kuchomelea, hakuna kubadili rimu.

Ina jambo jingine la kumsaidia dereva. Hafushafti hazibebi uzito wa gari, zinazungusha tu. Ikikatika, gurudumu halichomoki. Unatoa vipande, unazuia oili isimwagike, unabonyeza kitufe cha njano, na magurudumu ya mbele yanakuvuta taratibu mpaka nyumbani. Salisbury na difu nzito za Land Cruiser zina sifa hiyo hiyo, lakini kwenye Rover ndiyo utakayoitumia mara nyingi zaidi.

Mipaka yake iko wazi. Ukishaweka 1HZ, hafushafti nzuri itahamishia ugomvi kwenye krauni.

Salisbury ya 109: chaguo langu kwa gari la mwaloni

Kwa mtu anayebaki na difu ya mbele ya asili, hii ndiyo jibu, na sioni mshindani wa karibu. Ni ndugu wa Dana 60 ya Marekani, difu iliyobeba malori ya huko kwa miongo mingi. Hafushafti zake zina meno 24 badala ya kumi, na krauni ni kubwa kuliko ya Rover kwa tofauti unayoiona kwa macho. Uwiano ni 4.7 kama wa mbele. Upana ni ule ule. Viti vya springi viko mahali pale pale. Nati tano, rimu zile zile, breki za ngoma za inchi 11 kama ulizonazo.

Vinavyobadilika ni vichache, lakini fundi asiyevijua atakukwamisha. Pua ya Salisbury ni ndefu, kwa hiyo propela ya nyuma lazima iwe fupi. Nunua difu pamoja na propela yake, la sivyo utalipia kukata na kusawazisha. Mabomba yake yana unene tofauti, hivyo yubolti za zamani (bolti za umbo la U zinazofunga difu kwenye springi) hazitaingia. Hizo pia ziombe hapo hapo pamoja na pleti zake za chini. Oili inayoingia ni zaidi: kama lita 2.5, ukilinganisha na lita 1.75 za Rover. Mtu akimimina kipimo cha zamani akafunga, beringi ya pinioni itaanza kuimba mapema.

Kasoro zake? Ni nzito, na mkiibeba kwa mikono bila jeki mtaumizana. Tumbo lake linashuka chini zaidi, na kwenye njia za mawe kupanda vilima vya Igogo au Bugando utasikia linagusa pale ambapo Rover ingepita. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kichwa hakitoki kwa mbele. Ili kutoa krauni kwa utaratibu wake unatakiwa kutanua kidogo gamba lenyewe kwa kifaa maalumu, kisha kupanga shimu upya (pete nyembamba za kurekebisha nafasi). Gereji nyingi hazina kifaa hicho, na badala yake huja nondo mbili na nyundo. Gamba likishatanuliwa kupita kiasi halirudi, na hakuna shimu itakayoliponya.

Kwa hiyo kwa Salisbury kanuni yangu ni kununua nzima ambayo haijawahi kufunguliwa krauni, badala ya kununua mbovu "tutaifufua". Mwanza hazipatikani kila siku. Arusha, ambako kazi ya utalii imehifadhi Land Rover nyingi, kuna nafasi kubwa zaidi ya kuipata, na inasafirishwa kwa lori kama mzigo mwingine wowote.

Salisbury ya 110: ngumu vile vile, lakini si ya gari hili

Mtu atakwambia kwamba ya Defender 110 ni mpya zaidi, na ana haki. Ni rahisi pia kuipata kuliko ya 109. Tatizo ni kwamba ilitengenezewa gari jingine.

Upana kwanza. Kwenye Series, umbali kati ya katikati ya tairi la kushoto na la kulia ni inchi 51.5, kama sentimita 131. Kwenye 110 ni inchi 58.5, kama sentimita 149. Kila tairi litatoka nje ya bodi kwa sentimita tisa hivi. Tope la mbuga litapaka mlango, kioo na abiria, na trafiki hahitaji tochi kuliona hilo.

Halafu 110 inakalia springi za koili, Series inakalia springi za pleti. Lazima mabano ya koili yakatwe na viti vipya vichomelewe. Kazi hiyo inawezekana, ila inataka fundi mvumilivu anayechoma kidogo, anaacha chuma kipoe, anahamia upande wa pili. Akichoma kwa mkupuo, bomba linapinda milimita chache tu na hafushafti itakula sili kila mwezi. Pembe ya pinioni nayo ipimwe gari likiwa chini kwa uzito wake, si likiwa juu ya jeki: uso wa pinioni na uso wa transfa viwe sambamba, vinginevyo krosi zitatetemeka.

Jambo la tatu ni uwiano, 3.54. Hapa kuna faida halisi kwa mwenye 1HZ. Kwa mwendo ule ule injini itazunguka robo pungufu. Tangu Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Mwanza anafika Sengerema na Geita kwa lami bila kungoja kivuko, na kwenye safari ya namna hiyo gari la 4.7 linapiga kelele njia nzima huku likimaliza mafuta. Ukiwa na injini ya asili, sahau. Kwa 3.54 na mzigo, haitapanda.

Lakini ya mbele lazima ifuate. Habari njema ni kwamba kichwa cha 3.54 cha Range Rover ya zamani au Discovery ya miaka ya mwanzo kinaingia kwenye gamba la mbele la Series, mradi kiwe cha meno kumi. Vya kuanzia 1994 hivi vina meno 24, havitakubali hafushafti zako.

Na kuna mtego mmoja ambao muuzaji hatakwambia. Spidomita ya Series inaendeshwa kutoka transfa, siyo kutoka gurudumu. Ukipita kijijini kwenye kibao cha 50 huku dashibodi inaonyesha 45, ukweli ni kwamba unakwenda 60. Mwenye tochi pale Magu hatapendezwa na maelezo ya uwiano wa difu.

Land Cruiser: ama zote mbili, ama usianze

Hoja ya Land Cruiser ni spea, na ni hoja nzito. Beringi, sili, krauni na pinioni, breki: maduka ya Mwanza yanavyo, na kama havipo, basi la usiku kutoka Dar es Salaam litavileta. Difu ya nyuma ya mfululizo wa 70, ile ya HZJ75, ina krauni ya inchi 9.5, hafushafti za meno 30 zisizobeba uzito, na kichwa kinachotoka kwa mbele kama cha Rover. Yaani unapata ugumu wa Salisbury na urahisi wa kutengeneza wa Rover. Uwiano wa kawaida wa zile za zamani, 4.11, unapunguza mizunguko ya injini kwa kama asilimia 12, na kwa 1HZ huo ndio uwiano iliyozoea. HZJ75 ilikalia springi za pleti mbele na nyuma, jambo linalosaidia, ingawa viti vya springi lazima vihamishwe.

Ina kitu kimoja zaidi ambacho kwa mji wa vilima kama huu nakiona kikubwa: hendibreki yake hushika magurudumu yenyewe. Ya Land Rover hushika propela, nyuma ya transfa. Fikiria maana yake. Umeegesha mlimani, hafushafti inakatika, hendibreki imevutwa mpaka mwisho, na gari linaondoka, kwa sababu kati ya breki na gurudumu hakuna tena kinachounganisha. Ndiyo maana wazee wa Land Rover hawashuki mlimani bila kutegesha jiwe, na Mwanza mawe si shida. Ukifunga difu ya Land Cruiser, funga na nyaya zake za hendibreki. Wengi huziacha zikining'inia.

Sasa gharama yake. 4.11 nyuma na 4.7 mbele haziendi pamoja, na hakuna kichwa cha Rover cha 4.11 cha kuokota tu mahali. Hivyo unabadilisha na ya mbele, na ya mbele ndiyo inayobeba usukani. Mikono ya usukani ya Toyota haikutani na ya Land Rover, na hapo ndipo baadhi ya mafundi hukata na kuchomelea mikono hiyo ili ifike. Usikubali. Mkono wa usukani uliochomelewa unaweza kukatika kwenye kona ya kwanza yenye mzigo. Kazi hii ifanywe kwa mikono mizima iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, au isifanywe.

Rimu nazo: Land Rover ni nati tano kwenye duara la milimita 165.1, Land Cruiser za zamani ni sita kwenye 139.7, modeli za 78 na 79 za kuanzia 1999 ni tano kwenye 150. Hakuna inayoingia kwa mwenzake. Anayebadilisha nyuma tu atatembea na spea tairi mbili, na siku ya pancha atakuwa na ile isiyotakiwa. Breki vilevile: silinda ndogo za Toyota na masta silinda ya Land Rover hazikupimwa pamoja. Jaribu kwenye uwanja mtupu, uone kama nyuma inafunga kabla ya mbele.

Msimamo wangu: kama injini na giaboksi vimeshakuwa vya Toyota, na unaye fundi wa usukani unayemwamini, maliza safari, weka difu zote mbili. Kama unataka ya nyuma peke yake kwa sababu imeonekana kwa bei nzuri, iache.

Kuna wanaofunga ya Canter, tena na tairi pacha. Inabeba, sikatai. Ila uwiano wa mbele unapotea, upana unapotea, na mwisho una Canter mbovu yenye pua ya Land Rover.

Maji ya mwaloni hayachagui difu

Yoyote utakayofunga, itarudishwa nyuma majini siku ya kupakia kutoka kwenye mtumbwi. Difu iliyotoka safari ni ya moto. Ikiingia ziwani inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na kama kitundu cha kupumulia kimeziba kwa tope, inavuta maji kupitia sili za habu na pinioni. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, ndiyo hiyo. Toa kitundu, funga mpira mwembamba wa mafuta na uupandishe mpaka chini ya bodi. Ni kazi ndogo kuliko zote humu na inaokoa beringi kuliko zote. Kwenye mbuga za Misungwi na Kwimba wakati wa masika, ambako udongo mweusi unafika ekseli, inasaidia vile vile.

Na difu ngumu haiongezi tani kwenye kadi ya gari. Chasisi, springi na breki ni zile zile. Nimeona magari yanapakiwa kama malori eti kwa sababu "difu ni Salisbury".

Unapokwenda kuinunua

Kwa Salisbury, sisitiza mfuniko wa nyuma ufunguliwe mbele yako. Muuzaji akikataa, ondoka. Tazama meno ya krauni yote, ukizungusha pinioni kwa mkono: unataka yang'ae sawasawa, bila pembe zilizomeguka wala vidoa vya kutu. Paka oili ya chini kwenye vidole. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida, vipande vinavyochoma si vya kawaida. Shika pinioni uisukume juu na chini. Kucheza kidogo kwa kuzunguka kunaruhusiwa, kucheza kwa kwenda juu na chini hakuruhusiwi. Kwa Rover na Land Cruiser dai kichwa kitolewe, au angalau oili imwagwe kwenye beseni safi.

Vuta hafushafti zote mbili uone kama meno yamesokotwa. Meno yaliyoanza kupinda kama uzi ni shafti inayosubiri siku yake. Pima mabomba kwa kamba iliyovutwa kutoka habu hadi habu.

Ukishafunga, jaza oili ya difu namba 90 mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa sawa. Kaza yubolti gari likiwa limebeba uzito wake, kisha zikaze tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, maana springi zitakuwa zimejikalia na nati zitakuwa zimelegea. Oili ya kwanza usiiache ikae muda mrefu. Imwage mapema, uangalie kilichotoka nayo.